Meza ya Madiwani na Mtoto Mwenye Mahitaji Maalumu

Nchini Uingereza, mtoto mwenye mahitaji maalumu ya elimu ni jukumu la halmashauri ya mahali anapoishi. Halmashauri zaidi ya 150 zimebeba jukumu hilo, kuanzia zile za mitaa ya London hadi za kaunti za mashambani. Kila moja inatakiwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada wa ziada, kumpima, kumtafutia shule inayomfaa na kuhakikisha anapata alichoahidiwa. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina sheria zao. Wanaotakiwa kuihoji halmashauri kama imetimiza wajibu huo ni madiwani wake wenyewe, nao hufanya kazi hiyo wakiwa na haki kubwa ya kuuliza na uwezo mdogo wa kuamuru.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, baadhi ya watoto wenye ulemavu wa akili walihesabiwa kuwa hawafundishiki, wakawekwa nje kabisa ya mfumo wa shule. Mwaka 1978 kamati iliyoongozwa na mwanafalsafa Mary Warnock ilitoa ripoti iliyobadili mtazamo huo. Badala ya kumpa mtoto jina la ulemavu wake, ripoti ilitaka walimu waangalie anahitaji nini ili ajifunze, ikakadiria kuwa mtoto 1 kati ya 5 atahitaji msaada wa namna hiyo wakati fulani wa masomo yake. Sheria ya 1981 ikaanzisha hati rasmi inayoeleza mahitaji ya mtoto na msaada anaostahili. Warnock mwenyewe, mwaka 2005, alitaka utaratibu wa hati hizo uangaliwe upya. Sheria ya 2014 iliziondoa na kuweka mahali pake mpango mmoja unaounganisha elimu, afya na matunzo, ambao unaweza kumfuata mtu tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 25.

Watoto wengi hawafiki kwenye mpango huo. Husaidiwa shuleni kwao, chini ya mwalimu aliyeteuliwa kuratibu elimu maalumu, na shule hutarajiwa kutumia hadi pauni 6,000 kwa mwaka kutoka kwenye bajeti yake kabla ya kuomba nyongeza. Msaada huo usipotosha, mzazi au shule huiandikia halmashauri kuomba mtoto afanyiwe tathmini. Halmashauri ina wiki 6 za kujibu kama itampima, na tangu ombi lilipopokelewa hadi mpango kukamilika hazitakiwi kuzidi wiki 20. Mpango ukishataja shule, shule hiyo haina budi kumpokea mtoto. Sheria hiyohiyo ya 2014 ina kifungu ambacho familia zinazozungumza Kiswahili nchini humo zingefaa kukifahamu: mtoto hahesabiwi kuwa na ugumu wa kujifunza kwa sababu tu lugha ya nyumbani kwao si ile inayofundishiwa shuleni. Kukosa Kiingereza ni jambo moja, kushindwa kusoma kwa sababu ya ulemavu ni jambo jingine, na mkaguzi makini huchunguza kama shule inayachanganya mambo hayo mawili.

Mwaka 2015 mipango ya aina hii, pamoja na hati za zamani zilizokuwa bado zikitumika, ilikuwa takriban 240,000. Kufikia Januari 2025 ilikuwa imezidi 638,000, na wanafunzi wote wenye mahitaji maalumu walikuwa zaidi ya milioni 1.7. Halmashauri zimeshindwa kwenda na kasi hiyo. Katika mipango mipya ya mwaka 2024, iliyokamilika ndani ya wiki 20 haikufika nusu. Mzazi asiyeridhika anaweza kukata rufaa kwenye baraza la sheria linaloshughulikia elimu maalumu, na katika mashauri yanayofikia hukumu, karibu yote humalizika kwa mzazi kupewa haki japo kwa sehemu. Ushindi wa kiwango hicho unaonyesha kwamba maamuzi mengi ya awali hayakustahili kutolewa. Unaonyesha pia kwamba mtoto ambaye wazazi wake hawana muda, fedha au ujasiri wa kushtaki hubaki na uamuzi mbovu.

Usimamizi wa madiwani ulipata sura yake ya sasa kupitia sheria ya mwaka 2000. Halmashauri nyingi zina kundi dogo la madiwani watendaji, linalofanana na baraza la mawaziri. Mmoja wao hukabidhiwa masuala ya watoto, na chini yake yupo mkurugenzi wa huduma za watoto, cheo kilichowekwa na sheria ya 2004. Madiwani waliobaki huunda kamati za ufuatiliaji. Kamati inayogusa elimu ina upekee wake: pamoja na madiwani, huingia wawakilishi wa Kanisa la Anglikana na Kanisa Katoliki pale ambapo makanisa hayo yana shule, na wawakilishi wa wazazi wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Wote hao hupiga kura katika mambo ya elimu. Kuwapa wazazi kura halisi ni miongoni mwa mambo bora zaidi katika mpangilio huu.

Kamati inaweza kumwita mkurugenzi au diwani mtendaji ajieleze, na kuchunguza jambo kwa miezi kadhaa. Ikitoa mapendekezo, watendaji wanaweza kutakiwa kuyajibu ndani ya miezi 2. Inaweza pia kuuzuia uamuzi ambao haujatekelezwa na kuurudisha mezani ufikiriwe tena. Haiwezi kuamuru. Nguvu yake yote iko katika maswali na katika kuyauliza hadharani.

Ubora wa maswali hayo huonekana yanapofikia matokeo ya shule. Wastani wa halmashauri unaweza kupendeza huku ukiwaficha watoto walioachwa nyuma. Mwaka 2024, asilimia 61 ya wanafunzi wanaomaliza shule ya msingi nchini humo walifikia kiwango kinachotarajiwa katika kusoma, kuandika na hisabati. Kwa wenye mpango maalumu ilikuwa asilimia 9 tu. Kulinganisha takwimu hizo mbili na kuishia hapo ni kosa, kwa kuwa wapo watoto ambao kwao kutamka sentensi kamili ni mafanikio ya mwaka mzima. Kamati inayojua kazi yake huuliza wametoka wapi na wamefika wapi. Huuliza wangapi wana mpango lakini hawana shule, wangapi huhudhuria kwa saa chache tu kwa siku, na wangapi wamefukuzwa, kwa sababu watoto hawa hufukuzwa kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao. Baadhi hawafukuzwi rasmi: mzazi hushauriwa amwondoe mwanawe akamfundishie nyumbani, jina linafutwa kwenye rejista, na wastani wa shule unapanda. Hiyo ni dhuluma, na hujificha vizuri ndani ya jedwali la matokeo mazuri.

Ugumu huongezeka kwa sababu shule nyingi za sekondari sasa ni akademi. Hizi hupata fedha moja kwa moja kutoka serikali kuu, huendeshwa na taasisi zao, na haziko chini ya halmashauri. Diwani anaweza kumwalika mkuu wa akademi kwenye kamati, lakini hana mamlaka ya kuiongoza shule yake. Wajibu kwa mtoto umebaki kwa halmashauri ilhali sehemu kubwa ya nyenzo za kuutimiza imehamia kwingine.

Fedha nazo hazitoshi. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, katika ripoti ya Oktoba 2024, ilikadiria kuwa nakisi ya halmashauri katika elimu maalumu ingefikia pauni bilioni 4.6 ifikapo Machi 2026. Tangu 2020 serikali imeziruhusu kuiweka nakisi hiyo kando ya hesabu zao za kawaida, la sivyo nyingi zingekuwa hatarini kufilisika. Shinikizo hilo huzaa vishawishi. Mwaka 2018 jiji la Bristol lilipunguza takriban pauni milioni 5 katika bajeti ya mahitaji makubwa bila kushauriana na familia. Wazazi walikwenda Mahakama Kuu na makato yakatenguliwa. Jaji hakuona ushahidi kwamba madiwani walizingatia wajibu wao kwa watoto walipopitisha bajeti.

Juu ya madiwani wapo wakaguzi wa nje. Tangu 2016, Ofsted, idara inayokagua shule, na tume inayosimamia ubora wa huduma za afya na matunzo hukagua kwa pamoja huduma za eneo zima, si shule moja moja. Tangu 2023 matokeo ya ukaguzi huo huwekwa katika madaraja 3, na eneo linaloangukia la chini kabisa hutakiwa kuandaa mpango wa hatua za dharura na kukaguliwa tena. Malalamiko ya mzazi mmoja mmoja kuhusu ucheleweshaji hupelekwa kwa msuluhishi wa umma wa serikali za mitaa, ambaye huweza kupendekeza familia ilipwe fidia. Ripoti za pande hizo zote hurudi kwenye meza ya kamati, ambako madiwani huzipitia ukurasa kwa ukurasa na kumuuliza mkurugenzi ni tarehe gani kila ahadi itakuwa imetekelezwa.