Jivu la jana bado linaunguza

Kiangazi kikishika huku kwetu Hanang, kila kaya ina sababu ya kuwasha moto nje. Hapa Dirma jioni tunaota moto kwa sababu ya baridi, asubuhi tunachoma taka, na shambani tunachoma mabua.

Tuanze na shamba. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inazuia kuchoma majani na vichaka kiholela, na kijiji nacho kina uwezo wa kutunga sheria ndogo zake. Basi kabla ya kuwasha kiberiti nenda kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, uliza kibali, kisha wajulishe mnaopakana nao. Ingawa mimi sioni sababu ya kuchoma mabua ambayo ng'ombe wanayahitaji.

Taka za plastiki na raba usichome kabisa. Moshi wake una sumu, nao haujui mpaka wa ua. Humfikia jirani mwenye pumu na kichanga chake. Maganda na majani yafukie shimoni yawe mbolea.

Lakini hatari tunayoidharau zaidi ni jivu. Makaa yaliyofunikwa na jivu hukaa na joto saa nyingi, hata mpaka kesho yake. Kwa juu ni meupe, yametulia. Mtoto anapita peku akikimbiza kuku, anakanyaga, na wakati mwingine anaangukia mikono. Kufukia kwa udongo hakutoshi, kwani udongo hutunza joto. Mwaga maji, koroga kwa mti, mwaga tena, mpaka ukisogeza mgongo wa kiganja usihisi joto. Mtume (s.a.w.) ametuagiza tuzime moto wa nyumbani kabla ya kulala, na huu wa uani tuuzime vivyo hivyo.

Mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Najua kiangazi maji tunabeba kichwani: kinga beseni safi chini, uyachote umwagie tena. Usipake dawa ya meno, mafuta, yai wala samadi. Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi, umpeleke zahanati upesi, hasa kama ameungua uso, mikono, nyayo au sehemu za siri, au jeraha limezidi ukubwa wa kiganja chake. Chukua na kadi yake ya kliniki, mhudumu aangalie chanjo ya pepopunda, na umweleze aliungua saa ngapi.