Usingizi wa Mgonjwa Baada ya Kupasuliwa

Mwananchi wa Kisiwa Panza anayehitaji kupasuliwa huvuka kwa chombo hadi Chokocho, kisha hufuata barabara hadi Hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Jamaa anayefuatana naye huandaa nguo, chakula na nauli. Jambo ambalo aghalabu haliandaliwi ni usiku wa wodini. Mgonjwa aliyepasuliwa salama hukesha usiku na kulala mchana, na pengine, hasa akiwa mzee, huanza kusema yasiyofahamika. Makala haya yanaeleza sababu zake na yapasayo kufanywa.

SAA YA MWILI

Ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana, mna fungu dogo la chembe hai zipatazo 20,000, nalo ndilo saa ya mwili. Saa hiyo hupanga nyakati za kulala na kuamka, pamoja na kupanda na kushuka kwa joto la mwili. Giza linapoingia, huamrisha kutolewa kwa melatonini, homoni inayoujulisha mwili kuwa usiku umefika.

Wavuvi wanafahamu kuwa maji hayajai saa ile ile kila siku, bali huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Saa ya mwili nayo, kwa watu wengi, ikikosa mwanga wa jua huchelewa kidogo kila siku. Mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha.

YANAYOIVURUGA HOSPITALINI

Nusu kaputi si usingizi wa maumbile, na mwili hauhesabu kuwa umelala. Baada ya upasuaji mkubwa, melatonini hupungua usiku wa kwanza, na usingizi wa ndoto hupungua au hutoweka kabisa katika siku za mwanzo. Huongezeka hapo maumivu, dawa kali za jamii ya mofini, taa na mazungumzo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kuwa sauti wodini usiku zisizidi desibeli 30, yaani kadiri ya mnong'ono.

Mwanga nao una faida yake. Utafiti uliofanywa Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2005, uliwachunguza wagonjwa 89 waliopasuliwa uti wa mgongo. Waliolazwa upande wenye jua zaidi walitumia dawa za maumivu pungufu kwa asilimia 22.

MZEE ANAPOCHANGANYIKIWA

Mzee aliyekuwa na akili timamu anaweza, siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya kupasuliwa, kutowatambua wanawe au kutaka kung'oa mpira wa dripu. Hali hii huzidi usiku na kupungua mchana. Si wazimu, wala haifai kuhukumiwa kuwa ni jini. Ni dalili kuwa ubongo umelemewa, na nyuma yake huenda pana homa ya vijidudu, upungufu wa maji au wa hewa, mkojo uliozuilika, au dawa isiyomkubali. Kumwondoa hospitalini wakati huo ili atafutiwe tiba kwengine ni kumtia hatarini, kwa kuwa chanzo hubaki bila ya kutibiwa.

YA KUZINGATIA

Wanaouguza wanaombwa kuzingatia haya:

(a) Asubuhi, dirisha lifunguliwe, na mgonjwa akalishwe au atembezwe kwa ruhusa ya daktari.

(b) Mchana azungumzishwe, avae miwani yake, na aelezwe siku, saa na mahali alipo.

(c) Usiku, redio na simu zinyamazishwe, na mazungumzo yafanyike nje ya wodi.

(d) Maumivu yasifichwe kwa kuona haya; muuguzi aambiwe mapema.

(e) Mgonjwa akibadilika ghafla, muuguzi aitwe hapo hapo, hata iwe saa nane za usiku.

Kwa upande wao, watumishi wa wodi wanaweza kusaidia kwa kukusanya pamoja kazi za usiku zinazoweza kungojana, ili mgonjwa asiamshwe mara kwa mara.

Mgonjwa arudipo nyumbani, utaratibu huu uendelezwe. Wageni wanaokuja kumpa pole waje mchana, na usiku aachwe alale.