NYAU KUHAMIA KWA POPI: KIMBEMBE CHA MPITIMBI

Nyie wa mjini paka mnamjua wa kwenye kalenda, yule mwenye utepe shingoni. Njoo Mpitimbi, huku Songea Vijijini, uone paka akipewa ajira! Mahindi yakishaingia ndani baada ya mavuno, panya nao wanahamia na ukoo mzima. Hapo ndipo kila mtu anaanza kuulizia kitoto cha nyau kwa majirani.

Sasa kasheshe ni kwamba huyo mwajiriwa mpya anawakuta wenyeji. Kwa shangazi yangu yupo mbwa, Popi, wapo kuku na vifaranga, na jikoni wapo simbilisi, vile vinyama visivyo na mkia ambavyo huku kusini watu wanafuga kwa kitoweo. Nyau alipoletwa ndani ya kapu, kijana mmoja wa pale akataka kumwachia katikati ya uwanja, eti wazoeane kiume. Shangazi akakataa katakata, na mimi niko naye mia kwa mia. Paka akikurupushwa na mbwa siku ya kwanza anapanda darini, usiku anatimka, umebaki na kapu lako.

Nyau akafungiwa chumba cha mahindi na maji, chakula na boksi la mchanga wa kujisaidia. Popi kazi yake ikawa kunusa chini ya mlango. Baada ya siku nne shangazi akachukua kitambaa alicholalia Nyau akakitandika kwa Popi, na gunia la Popi likaenda kwa Nyau. Usicheke! Kwa hawa kitambulisho ni harufu. Kisha ikafuata misosi: huyu anakula upande huu wa mlango, yule upande ule, mpaka kila mmoja ajue kwamba ile harufu ngeni inakuja na ugali na dagaa. Popi alipoacha kukwaruza, mlango ukafunguliwa, yeye akiwa kwenye kamba na Nyau akiwa na pa kurukia juu. Dakika chache tu, basi, kesho tena. Wao zilitosha wiki mbili. Wengine huchukua mwezi, na kuwaharakisha ni kuanza upya.

Kwa nini mtu ahangaike hivyo wakati paka anaweza kukaa peke yake? Kwa taarifa yako, mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwenye kaya za vijijini Swazilandi, nchi ambayo siku hizi inaitwa Eswatini. Palipokuwa na paka na mbwa kwa pamoja, panya walipungua kuzurura wakitafuta chakula. Paka peke yake au mbwa peke yake hakuwatisha hivyo. Kumbe ukiwagombanisha hawa wawili, anayeshangilia ni panya!

Kwa simbilisi hakuna cha kupatana. Machoni pa paka yule ni panya mnene tu. Wakahamishiwa kwenye banda la mbao lenye wavu na kifuniko. Vifaranga wakafunikwa tenga. Mama yao hakuhitaji msaada, alimdonoa Nyau mara moja na heshima ikapatikana.

Halafu ile sumu ya panya ya dukani shangazi aliifukia mbali. Panya aliyekula sumu anayumba kama mlevi, paka anamdaka bila jasho, na kinachofuata ni msiba. Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo ni kwa wote wawili, kuanzia umri wa miezi mitatu. Ukiumwa au kukwaruzwa katika usuluhishi huo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha kimbia kituo cha afya siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Siku hizi Popi analala mlangoni pa chumba cha mahindi na Nyau juu ya magunia. Hawapendani, hawagombani. Simbilisi nao wakimsikia Nyau akipita jikoni wanapiga miluzi banda zima.