Istilahi za Divai Nyekundu ya Bei Nafuu

Wafasiri huletewa mara kwa mara orodha za vinywaji vya hoteli, matangazo ya biashara na lebo za chupa zilizotoka ng'ambo. Maneno yaliyomo ni machache, lakini aghalabu hufasiriwa neno kwa neno bila kuchunguzwa maana yake katika kazi ya divai. Mnunuzi ambaye fedha zake ni za kuhesabu hupata hasara, kwani lebo ndiyo shahidi wake wa pekee kabla ya kuzibua chupa. Makala haya yanakusudia kueleza istilahi zinazomsaidia mtu kupata divai nyekundu nzuri ya kila siku kwa bei nafuu, na kupendekeza maneno ya Kiswahili yanayofaa.

1. Divai au mvinyo?

Maneno yote mawili ni ya mkopo: mvinyo limetokana na Kireno, na divai limetokana na Kifaransa. Mvinyo, hata hivyo, lilieleweka katika kamusi za zamani kuwa ni divai na pia kileo kikali kilichokenekwa. Divai limebaki na maana moja, nayo ni maji ya zabibu yaliyochachuka. Ndilo neno lililotumika katika Biblia ya mwaka 1952 kwa habari ya arusi ya Kana. Katika mazungumzo tofauti hii haimdhuru mtu. Lakini katika sheria ya kodi au ya leseni, neno lenye maana mbili laweza kuzusha mashtaka. Kwa hiyo yafaa maandishi rasmi yatumie divai, na vileo vilivyokenekwa viitwe pombe kali.

2. Maneno ya ladha

Lebo za Kifaransa huandikwa "sec", za Kihispania "seco", na za Kiitaliano "secco". Maana ya maneno hayo kwa kawaida ni "kavu", na wafasiri wengi wameandika "divai kavu". Lakini msomaji wetu anajua chai kavu kuwa ni chai isiyo na kitafunio. Basi akisoma "divai kavu" atadhani ni ya kunywewa bila chakula. Maana yenyewe ni kwamba karibu sukari yote ya zabibu imekwisha kugeuka kileo. Sheria za Umoja wa Ulaya huruhusu sukari isiyozidi gramu 4 kwa lita, au hadi gramu 9 ikiwa uchachu wake unatosha kuilinganisha. Istilahi iliyo wazi zaidi ni "divai isiyo tamu".

Tanini nayo imekuwa ikielezwa kwa sentensi ndefu, ilhali lugha yetu inalo neno tayari. Mtu alaye bibo au ndizi mbichi huhisi ulimi ukikwaruza na kinywa kukauka; hali hiyo ndiyo ukakasi. Maji ya zabibu nyingi nyeusi hayana rangi. Wekundu na ukakasi hutoka katika maganda yanayolowekwa humo wakati wa kuchachuka, na mbegu pia huongeza ukakasi. Divai yenye ukakasi mwingi hupatana na nyama yenye mafuta. Kwa chakula chepesi cha kila siku, afadhali yenye ukakasi kidogo.

3. Maneno ya umri na pipa

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Pipa la mwaloni la kawaida huko Bordeaux huchukua lita 225, yaani chupa 300 za sentilita 75. Pipa jipya ni ghali, na gharama yake hugawanywa juu ya chupa hizo. Basi divai nyekundu ya bei nafuu iliyo nzuri aghalabu ni ile changa isiyopita katika pipa jipya. Wahispania huiita "joven", na "divai changa" ni tafsiri sahihi isiyo na dharau.

Neno "crianza" maana yake ni malezi. Kwa sheria ya Hispania, divai nyekundu ya daraja hilo hutunzwa miezi 24, na angalau 6 kati ya hiyo iwe ndani ya pipa. "Reserva" ni miezi 36, angalau 12 ndani ya pipa. Mfasiri akiandika "divai ya akiba" atakuwa amepotosha. "Divai iliyotunzwa" yatosha, ikifuatwa na idadi ya miezi. Tena akumbuke kwamba katika sheria ya shirikisho ya Marekani neno la namna hiyo halina kipimo chochote; ni sifa ya muuzaji tu.

4. Jina la mahali na jina la zabibu

Majina ya mahali hayafasiriwi, lakini yapaswa kuelezwa. Châteauneuf-du-Pape na Côtes du Rhône ni majina ya bonde moja nchini Ufaransa, na yote mawili hutegemea sana zabibu ya Grenache. Jina la kwanza lina sifa kubwa, nalo hulipiwa. Mwenye mfuko mdogo huanza na la pili. Jina la zabibu likiandikwa katika lebo ya Ulaya, sheria hutaka angalau asilimia 85 ya divai iwe imetokana na zabibu hiyo.

Kwetu Tanzania, mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na divai yake haibebi nauli ya meli wala ushuru wa forodha. Mkulima wa Dodoma atanufaika zaidi ikiwa mnunuzi ataweza kusoma sifa za divai hiyo kwa lugha anayoielewa.

5. Mapendekezo

Kwa muhtasari, twapendekeza: divai, kwa maji ya zabibu yaliyochachuka, divai isiyo tamu, badala ya "divai kavu", ukakasi, kwa hisia iletwayo na tanini, divai changa, kwa isiyotunzwa, na divai iliyotunzwa, badala ya "divai ya akiba". Wafasiri na walimu wanaombwa kuyajaribu maneno haya katika kazi zao, na kutuletea yaliyo bora kuliko haya pale wanapoyasikia yakitumiwa na watu.