Pesa za Klabu Vyuoni: Watoto Wetu Bungoma na Kitale Wana Haki Gani?

Kila mwaka KUCCPS ikishatoa majina, nyumba nyingi za Pwani huanza kuulizana njia. Huyu wa Malindi ameitwa Chuo Kikuu cha Kibabii, Bungoma. Yule wa Msambweni kapata nafasi ya ufundi Kitale. Mzazi ambaye hajawahi kuvuka Nairobi sasa auliza basi la Bungoma lapandiwa wapi na baridi ya Kitale yataka blanketi ngapi.

Si ugeni mtupu. Misafara ya watu wa Pwani ilifika Mumias tangu karne ya 19, na Uislamu ulishika huko kwa Wawanga hata kabla reli haijafika. Bungoma mjini utasikia adhana, na Kitale vilevile. Lakini mtoto wa miaka 19 aliyetoka Kwale haishi kwenye historia. Aishi hosteli, na cha kwanza anachokitafuta ni watu wa kuswali nao, wa kufuturu nao, na wa kuzungumza nao bila kuchekwa lafudhi. Ndipo klabu na jumuiya za wanafunzi zinapoingia, na ndipo maneno yanapoanzia.

Nayaandika haya kwa sababu mwana wa dada yangu, aliye katika chuo kimoja nisichokitaja, alinipigia akiwa na maswali mawili. Jumuiya yao ya wanafunzi Waislamu iliomba pesa za chakula cha Ramadhani na za kumleta mhadhiri. Wakaambiwa kwanza waondoe katika katiba yao kifungu kinachosema viongozi wawe Waislamu, kwani huo ni ubaguzi. Na kile chama chao cha wanafunzi wa Pwani kikaambiwa hakisajiliwi kabisa, kwani ni ukabila. “Mjomba,” akaniuliza, “hii ni sheria au ni mtu tu hatupendi?”

Jibu langu lilikuwa: la kwanza si rahisi, la pili lategemea mmeandika nini.

Tuanze na pesa zenyewe, maana wazazi wengi hulipa bila kusoma. Katika karatasi ya karo mna vijisehemu vidogo chini ya masomo: kitambulisho, matibabu, na mara nyingi ada ya chama cha wanafunzi au ya shughuli za wanafunzi. Kila mwanafunzi hutoa, awe Mwislamu, Mkatoliki, Msabato au asiye na dini. Utaratibu watofautiana chuo kwa chuo, lakini kwa kawaida klabu hujisajili kwa mkuu wa masuala ya wanafunzi, ikiwa na katiba, orodha ya wanachama na mlezi ambaye ni mfanyakazi wa chuo. Ikitaka pesa hupeleka bajeti, mlezi atie sahihi, na baadaye irudishe risiti. Nami nasema wazi, klabu nyingi ndogo hunyimwa kwa sababu ya hizo risiti za mwaka jana zilizopotea, wala si kwa sababu ya dini. Kabla ya kulia ubaguzi, tazameni faili lenu.

Sasa sheria. Katiba ya 2010, Kifungu cha 27, yakataza kumbagua mtu kwa misingi kama kabila, jinsia, ulemavu, dini, mavazi na lugha. Dola imekatazwa, na mtu binafsi pia amekatazwa, kwa hivyo chuo cha umma na chuo cha kibinafsi vyote vimo. Kifungu cha 32 chalinda uhuru wa dini, wa mtu peke yake au pamoja na wenzake, tena chasema mtu asinyimwe kuingia taasisi wala kufaidi haki yoyote kwa sababu ya imani yake. Kifungu cha 36 champa kila mtu haki ya kuunda chama na kujiunga nacho, na hakuna wa kulazimishwa kujiunga. Kikaongeza kwamba usajili usikataliwe bila sababu ya maana.

Msomaji makini ameshaona fundo. Kifungu cha 27 chasema usibague kwa dini. Vya 32 na 36 vyasema waumini wana haki ya kukusanyika kama waumini. Klabu ya dini yasimama katikati. Sijui sheria yoyote ya Kenya iliyolifungua fundo hili kwa klabu za vyuo hasa, kwa hivyo vyuo hutumia kanuni zao.

Marekani walilipeleka fundo hilo hadi Mahakama Kuu. Mwaka 1995, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Virginia walikuwa na gazeti la Kikristo, na chuo kikakataa kulipia uchapishaji kutoka mfuko wa ada za wanafunzi kwa kuwa gazeti ni la dini. Wanafunzi wakashinda, majaji 5 kwa 4. Mahakama ilisema ukilipia magazeti ya wengine, usiliruke hili kwa sababu ya mtazamo wake. Mwaka 2010 mambo yakawa kinyume. Chuo cha sheria cha Hastings, San Francisco, kilikuwa na kanuni kwamba klabu yoyote inayotaka kutambuliwa na kupata pesa imruhusu kila mwanafunzi kuwa mwanachama na hata kugombea uongozi. Jumuiya ya wanasheria Wakristo ikataka wanachama watie sahihi tamko la imani. Ikashindwa, tena 5 kwa 4. Haikufukuzwa chuoni, iliachwa ikutane. Ilichokosa ni pesa na yale mengine yanayokuja na kutambuliwa rasmi.

Hukumu hizo hazimfungi mtu Kenya. Nazitaja kwa sababu zinatenganisha mambo ambayo sisi huyachanganya: kuwepo, kutumia ukumbi, na kupewa pesa. Hayo ni mambo matatu. Chuo chaweza kuwa na sababu ya kukunyima la tatu, na kisiwe na sababu hata moja ya kukunyima la kwanza. Na kanuni ya Hastings ilisimama kwa kuwa ilikuwa ya klabu zote. Hapo ndipo pa kumuuliza mkuu wa wanafunzi: je, jumuiya za Kikristo pia zimeambiwa ziondoe kifungu kama hicho? Zikiwa zimeambiwa, hiyo ni kanuni, tujadili uzuri wake. Zikiwa hazikuambiwa, basi mbaguzi ni huyo anayesema anapinga ubaguzi.

Mahakama zetu nazo zimegusa jirani ya suala hili. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Wasabato wasilazimishwe masomo siku ya Jumamosi. Katika kesi ya hijabu ya Isiolo, Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana haki mwaka 2016, kisha Mahakama ya Juu Januari 2019 ikaiondoa hukumu hiyo kwa kasoro ya namna kesi ilivyoletwa. Na Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji 3 kwa 2, ilisema halmashauri ya NGO ilikosea kukataa kusajili shirika la kutetea mashoga na wasagaji. Najua huku kwetu hukumu hiyo iliwachoma wengi, na Ijumaa nyingi zilipita ikisemwa mimbarini. Mafundisho ya dini yetu katika jambo lile yajulikana. Lakini isomeni kama hukumu ya Kifungu cha 36: afisa wa serikali hawezi kukunyima usajili kwa kuwa tu hakupendi wewe na unachosimamia. Bungoma na Kitale Waislamu ni wachache. Ngao hiyo ni yao pia.

Rai yangu mimi ni hii. Pesa zikitoka mfukoni mwa wote, milango ya shughuli iwe wazi kwa wote. Futari iliyolipiwa na ada ya wanafunzi, Mbukusu Mkristo akija akae ale, na mhadhara atakayeketi aketi. Uanachama wa kawaida pia sioni hasara kuuacha wazi. Lakini amiri wa jumuiya, anayepanga swala na kusimamisha imamu, awe Mwislamu. Kumwambia Mwislamu asiseme hivyo ni kumwambia asiwe na jumuiya. Mweka hazina? Hapo wallahi siwezi kupigana sana. Anayejua kuweka risiti ndiye bora. Chuo chenye busara kingeweza pia kulipia shughuli zilizo wazi kwa wote kutoka mfuko wa pamoja, na ibada yenyewe waumini waigharimie wenyewe kwa michango, kama tulivyozoea siku zote.

La chama cha Pwani ni chungu zaidi, kwa sababu niliiomba katiba yao nikaisoma. Imeandikwa uanachama ni wa “wenyeji asili wa Pwani”. Nikamuuliza kijana: Mluhya aliyezaliwa Likoni, akasoma Likoni, anayesema “kwani wendapi?” kama wewe, ni mwenyeji asili? Akanyamaza. Na Mbajuni na Mdigo na Mpokomo, nani atakayepima asili ya mwenzake? Neno hilo moja lawatia katika mkono wa Kifungu cha 27, na pia wa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, inayokataza ubaguzi wa kikabila hata katika kugawa rasilimali za umma. Liondoeni. Andikeni chama ni cha mwanafunzi yeyote aliyetoka au anayependa mambo ya kaunti 6 za Pwani, na lengo lake ni kupokea wageni wapya, kupanga safari za likizo na kukuza Kiswahili. Mkikataliwa baada ya hapo, mna kesi.

Na kukataliwa kusiwe kwa mdomo. Kifungu cha 47 champa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yampa kila raia haki ya kukiuliza chuo cha umma: mwaka jana ada ya shughuli za wanafunzi ilikusanywa kiasi gani, klabu zipi zilipata, kila moja shilingi ngapi? Barua ijibiwe ndani ya siku 21. Wakinyamaza, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile tuiitayo Ombudsman, bila wakili.

Barua iwe fupi, ya adabu, itiwe sahihi na viongozi watatu wa klabu, na nakala moja ipigwe muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo asibaki nayo mwenyekiti anayemaliza masomo mwaka huu. Apewe mlezi.