AFCON: Mwenyeji hujenga, CAF huuza

Julai 2025, Soko la Hisa la Nairobi liliorodhesha dhamana ya Linzi, yenye thamani ya takriban shilingi bilioni 44.8 za Kenya. Fedha hizo ni za kujengea uwanja wa Talanta, wa watazamaji 60,000, kwa ajili ya fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) za mwaka 2027. Wawekezaji waliahidiwa faida ya asilimia 15.04 kwa mwaka, kwa miaka 15. Fainali zenyewe huchezwa kwa takriban mwezi mmoja. Hapo ndipo ilipo hesabu ngumu ya biashara hii: mapato ni ya muda mfupi, deni ni la muda mrefu, na anayepokea siye anayelipa.

Mwanzoni gharama zilikuwa ndogo. Februari 1957, mjini Khartoum, zilicheza timu tatu tu: Misri, Sudan na Ethiopia. Afrika Kusini ilikosekana kwa sababu serikali yake ya ubaguzi wa rangi haikukubali timu ya wachezaji weupe na weusi pamoja. Mechi zilikuwa mbili, na Misri ikatwaa kombe kwa kuichapa Ethiopia 4-0.

Timu zikafika nane mwaka 1968, 12 mwaka 1992 na 24 mwaka 2019. Sasa zinachezwa mechi 52. Kwa Shirikisho la Soka Afrika (CAF), kila mechi ni bidhaa ya kuuza kwa televisheni na wadhamini. Kwa mwenyeji, ni viwanja zaidi, hoteli zaidi na barabara zaidi.

Haki za matangazo na udhamini ni mali ya CAF. Mwaka 2016 kampuni ya mafuta ya Total ilisaini udhamini wa miaka minane. Mkataba mwingine, wa miaka 12 na kampuni ya Lagardère Sports, ulikadiriwa kufikia dola bilioni 1, lakini CAF iliuvunja mwaka 2019 baada ya mamlaka za ushindani kuupinga. Soko halikufa kwa hilo. Zawadi ya bingwa ilikuwa dola milioni 7 Ivory Coast mwaka 2024, ikapanda hadi milioni 10 katika fainali za Morocco.

Upande wa gharama, Ivory Coast ilitumia takriban dola bilioni 1 kwa viwanja na miundombinu. Barabara na viwanja vya ndege hubaki vikitumika. Mashaka yako kwenye viwanja vya soka. Angola ilijenga vinne vipya kwa fainali za 2010, kikiwemo cha Cabinda, na baadhi vikachakaa kwa kukosa matumizi na matunzo. Waliopona ni wale waliokuwa navyo tayari. Afrika Kusini iliipokea AFCON ya 2013 badala ya Libya ikiwa na viwanja vya Kombe la Dunia, na Misri ikaichukua ya 2019 kutoka Cameroon ikiwa imebaki miezi michache.

Kenya inaijua pia hasara ya kutokuwa tayari: ilinyang'anywa fainali za 1996 na zile za CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, za 2018. Safari hii inagawana mzigo na Tanzania na Uganda. Dar es Salaam haina hofu kubwa, kwani Simba na Yanga huujaza Uwanja wa Benjamin Mkapa kila msimu. Uwanja wa Arusha ni wa watu 30,000 na wa Hoima, Uganda, ni wa 20,000, lakini hakuna mji kati ya hiyo wenye klabu ya ukubwa huo.

Zaidi ya hayo, Desemba 2025 CAF ilitangaza kwamba baada ya 2028 AFCON itachezwa kila baada ya miaka minne. Zamu za uenyeji zitakuwa chache, na uwanja uliojengwa kwa ajili ya AFCON peke yake huenda usiione nyingine kwa kizazi kizima. Kwa hiyo mikataba ya ligi, matamasha na maonyesho ya biashara isainiwe sasa, kabla ya mechi ya kwanza, wakati serikali bado zina cha kuwauzia wawekezaji. Zikisubiri fainali ziishe, mteja pekee atakayebaki ni hazina ya serikali.