Barabara Kuu ya Moshi na Watu wa Kando Yake

Hapana mtu mwenye akili timamu atakayepinga kupanuliwa kwa barabara kuu itokayo Tengeru kupita Moshi hadi Himo. Ndiyo njia ya malori yaendayo Holili na kuvuka mpaka wa Kenya. Ndiyo njia ya wageni washukao uwanja wa KIA kuja kuupanda mlima. Na kila Desemba ndiyo njia ya maelfu ya Wachagga wanaorudi nyumbani. Dereva aliyewahi kuteremkia daraja la Kikafu nyuma ya lori lililosheheni hahitaji kuhubiriwa. Na mbele ya Himo, katika njia ya Tanga, basi kubwa na basi dogo yaligongana Sabasaba, wilayani Same, tarehe 28 Juni, 2025, yakawaka moto, na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Basi barabara na ipanuliwe.

Swali letu ni juu ya wale watakaoondolewa ili wengine wapite upesi.

Yafaa kwanza kuutazama mlima wenyewe. Kihamba cha Mchagga si kiwanja tu. Humo mna migomba, na kahawa katika kivuli cha migomba. Mna ng'ombe wa zizini, maji ya mfongo, na makaburi ya wazee. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio wenye fungu la uhakika. Wa katikati hujitafutia. Vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi, hata vingine havitoshi tena kugawanywa. Waliokosa nafasi Machame, Kibosho na Old Moshi walishuka ukanda wa chini, kwenye mashamba ya mahindi na maharage, wakajenga. Kwa hiyo wengi wa hao wakaao karibu na njia kuu ni watu waliokwisha kusogezwa mara moja, na ukiwaambia warudi juu, juu hapana nafasi.

Sasa tuitazame sheria. Zamani hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaifanya mita 30. Mtu aliyejenga kwa halali nje ya mpaka wa zamani akaamka asubuhi akiwa ndani ya mpaka mpya, wala hakuinua tofali. Huyo hakuifuata barabara. Barabara ndiyo iliyomfuata, na anastahili fidia kamili.

Na fidia yenyewe huhesabiwaje? Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2001 zataja thamani ya soko, posho ya usumbufu, kodi ya makazi ya miezi 36, na gharama ya kusafirisha mizigo ya tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Katika karatasi jambo hili ni zuri. Lakini kilomita 20 kutoka Kiboriloni utapata wapi shamba tupu linalouzwa? Ukipanda, wafika kwenye vihamba vya watu na kisha msituni. Ukiteremka, wakuta mpunga wa Lower Moshi na miwa ya TPC. Thamani ya soko yamfaa mtu aliye na soko la kununulia.

Tena kuna faida ya biashara. Kanuni zaruhusu kulipa faida ya miezi 36, lakini mkadiriaji aweza kudai hesabu zilizokaguliwa. Mama auzaye ndizi Kwa Sadala, au yule wa mitumba Kiboriloni, hesabu zake zi kichwani na katika fundo la kanga. Hana mkaguzi. Naye mara nyingi ni mpangaji, hana hata ukuta wa kuandikiwa. Twaogopa kwamba huyu, aliye maskini kuliko wote, ndiye atakayeondoka mikono mitupu.

Jambo la kuchosha kuliko yote ni kungoja. Nyumba ikishapigwa alama ya X, mwenyewe haezeki upya, hapandi kahawa ya miaka mingi, na wala hapati mnunuzi. Mpango ukikaa miaka mezani, familia nzima hukaa imesimama kwa mguu mmoja. Na nani asiyeikumbuka Kimara mwaka 1917 — la, hapo kale hapakuwa na X. Twasema mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kando ya njia ya Morogoro?

Arusha yatupa mfano wa kuchungua. Huko kilomita 14 hivi za Sakina hadi Tengeru zilipanuliwa, na barabara ya mchepuo ya kilomita 42 ikajengwa ili malori yasiingie mjini. Moshi nayo yaweza kufikiriwa hivyo, ingawa mchepuo wa kusini utakutana na mpunga tuliokwisha kuutaja, na mpunga nao una wenyewe.

Basi wapimaji wanapokwenda Uchira au Boma Ng'ombe, na waanze katika mkutano wa kijiji, wakiwa na ramani mkononi, kabla ya ndoo ya rangi. Soko jipya lijengwe kabla ya kuvunjwa la zamani. Mpangaji na mwenye meza ya ndizi waandikwe katika daftari lile lile la mwenye nyumba. Makaburi yahamishwe kwa taratibu za Sheria ya mwaka 1969, wazee wa ukoo wakiwapo. Na fedha zilipwe kabla tingatinga halijawashwa.